Nyumba ya Indo Rannu Yapanda Kilima

Alfajiri ya Ijumaa mto ulikula mgomba wa mwisho, na Indo Rannu akauona ukienda zake na mkungu juu. Alisimama kwenye ngazi ya nyumba yake, mikono kiunoni, akautukana mto mpaka sauti ikamkauka. Kutoka nguzo ya jikoni hadi ukingoni zilikuwa zimebaki hatua nne. Jana zilikuwa saba.

"Leo," alimwambia mpwa wake Besse Nari. "Wanaume wakitoka msikitini tu, nyumba hii inapanda kilimani. Kawaambie watu."

Besse Nari hakuuliza nyumba inapandaje kilima. Katika kijiji chao cha Lappa Cenrana nyumba husimama juu ya nguzo, na nguzo husimama juu ya mawe bila kuchimbiwa. Unafunga mianzi mirefu kutoka nguzo hadi nguzo, watu wanaingiza mabega, wanakwenda nayo. Kijiji chenyewe ni kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya huku mtoni, wa kilimani wanakujibu dua. Karani wa wilaya alipokuja kuandika habari zake alimaliza kabla kahawa yake haijapoa, na jina la kijiji akalikosea. Lakini kwa kubeba nyumba, hao watu waache.

Wala hakuna anayelipwa. Unabeba ya mwenzio leo kwa sababu kesho itabebwa yako. Wanaume wanatoa mabega, wanawake wanapika. Sheria ni hiyo tu, na Indo Rannu alikuwa ameivunja.

Mwaka uliopita shemeji yake, Ambo Cilla, mdogo wa marehemu mumewe, alihamishia nyumba yake kilimani. Barongko za siku kama hiyo, yaani ndizi za kuponda zilizopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, hupikwa na Indo Rannu, maana hakuna mwenye mkono kama wake. Siku mbili kabla, jogoo wa Cilla, yule waliyempa jina la Bwana Tarafa kwa kutembea kifua mbele, alikuja akala na kuutawanya mpunga wake wote aliouanika. Alipokwenda kulalamika, Cilla alicheka mpaka akashika mbavu. Basi siku ya kubeba, Indo Rannu alikaa kwake akitafuna tambuu. Watu walibeba nyumba kwa kahawa tupu. Tangu hapo shemeji wawili hao hawakusemeshana, na tatizo ni kwamba mpiga wito wa kubebea nyumba katika kijiji kizima ni Ambo Cilla, na vijana wote wa kilimani humfuata yeye.

Baada ya sala walikuja wa huku chini, wote bila kukosa. Mianzi ilikwisha kufungwa, vyombo vimeshushwa, masufuria yanachemka. Mzee mmoja akajitolea kupiga wito.

"Moja! Mbili! Inua!"

Nyumba ikalia ng'aaa. Pembe moja ikapanda, tatu zikagoma, na kijana mmoja akaangukia matako kwenye tope. Wakajaribu tena, na tena.

"Nyumba hii imekula nini jamani?" mmoja aliuliza, anahema.

"Imekula kiburi cha mwenyewe," mwingine akajibu, na watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa chini ya mianzi.

Indo Rannu alifungua kinywa amrudishie lake. Hapo hapo kipande cha ukingo kikaporomoka majini, na nguzo ya jikoni ikatikisika. Zimebaki hatua mbili.

Jifya moja haliinjiki chungu, hilo alilijua tangu utotoni. Alifunika barongko kwenye sinia, akajitwisha, akashika njia ya kilimani.

Ambo Cilla alikuwa ameketi kwenye ngazi yake akinoa panga ambalo lilikuwa limekwisha kunoleka. Vijana wake wamekaa chini ya nyumba wakitazama pembeni. Bwana Tarafa alikuwa juu ya uzio.

"Karibu, shemeji," Cilla alisema bila kuinua macho. "Umepotea njia?"

"Nimekuletea barongko zako."

"Zangu? Mimi sikuagiza kitu."

"Za mwaka jana."

Panga likasimama. Cilla akachukua moja, akafungua jani taratibu, akala yote, akalamba vidole.

"Zimechelewa."

"Zimechelewa, lakini ni za moto. Kula, uache maneno."

"Na jogoo wangu je?"

"Jogoo wako ni mwizi, hilo silifuti mpaka nife." Kisha sauti ikampungua. "Lakini mimi nilikosa, shemeji. Nyumba yako ilipita na mimi nimekaa. Niliwasikia mnavyoibeba, roho ikaniuma, nikajifanya natafuna tambuu."

Cilla aliinuka. Ndipo Indo Rannu alipoona bega lake: kitambaa kimekunjwa mara nne, kimefungwa tayari kwa kubebea. Aliwageukia vijana. Wote walikuwa navyo, na wote walikuwa wanajizuia kucheka.

"Nguzo zile nilikata mimi na marehemu kaka," Cilla alisema. "Ulidhani nitaziacha ziende na maji? Nilikupa mpaka saa tisa. Usingekuja, ningekuja mwenyewe, halafu ningekusimanga mpaka kaburini."

"Mjinga wewe!" Indo Rannu alisema, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Hatua mbili zimebaki, wewe unanoa panga!"

Walishuka kilima mbio, na yeye katikati yao, sinia kichwani, kama msichana wa miaka kumi na tano. Wa chini walipowaona walipiga yowe. Mabega yakaingia chini ya mianzi mpaka pakakosekana pa kuingiza mkono. Cilla akapanda juu ya jiwe, akavua kofia, akaipunga.

"Nyumba ya nani?"

"Yetu!"

"Nyumba ya nani?"

"Yetuuu!"

Ikainuka. Yote, pembe zote nne, paa la bati linang'aa, mapazia yanapepea madirishani. Indo Rannu alijishika kichwa. Nyumba yake ilikuwa inatembea! Ilipita shamba la mpunga, ikavuka mfereji, ikakwama kwenye mnazi karibu na msikiti, ikarudi nyuma, ikapinda. Wanawake walikuwa wanapiga masufuria, watoto wanakimbia chini ya sakafu, Cilla anatembea kinyumenyume mbele yao huku akitukana kila mtu kwa jina lake.

"Wewe wa nyuma! Unabeba au umening'inia?"

"Nabeba, mzee!"

"Basi mbona miguu yako haigusi chini?"

Kiwanja kilichokuwa wazi kilimani kilikuwa kimoja tu, ubavuni mwa nyumba ya Cilla. Waliitua hapo, kila nguzo juu ya jiwe lake jipya. Indo Rannu alipanda ngazi yake ile ile, akaukumbatia mlango wa mbele, akalia kwa nguvu bila kuona haya. Kisha akashuka kugawa chakula, na barongko hazikubaki hata za kuonjwa na mpishi.

Asubuhi yake alianika mpunga mbele ya nyumba. Hakukaa sana. Bwana Tarafa huyo, kifua mbele, moja kwa moja hadi katikati ya mkeka.

"Shemejii!" aliita. "Mwizi wako huyu!"

"Mzoee tu, ni jirani yako sasa!" Cilla alijibu kutoka ndani.

Indo Rannu aliokota fimbo. Alipoiinua, macho yake yakashuka hadi mtoni. Alitafuta yale mawe kumi na mawili ya nguzo zake. Hayakuwepo. Hapakuwa na ukingo wala ua, maji mekundu tu, yanapita pale alipokuwa akilala.

Aliishusha fimbo polepole. Akachota mpunga, konzi iliyojaa, akamwagia jogoo miguuni.

"Kula," alisema. "Lakini usimwambie bwana wako."