Bihogo ameacha kucheua

Siku ya tatu hiyo, Bihogo hacheui. Amesimama tu bandani, ubavu wa kushoto umevimba, mate yanamtiririka, na Mzee Rogasian amekaa kwenye kigoda anamtazama kama mtu anayeuguza mama yake mzazi. Ng'ombe mwenyewe ndiye huyo mmoja, ana mimba ya miezi saba. Na kibanja chao pale Nyaishozi kimechoka, udongo wake bila samadi haubebi mgomba. Ugonjwa wa mnyauko ulishapita ukaacha visiki vitupu, samadi ya Bihogo ndiyo ikairudisha migomba. Huyu akienda, kibanja nacho kinamfuata. Rogasian alilijua hilo, na mkewe Evangelina alilijua.

Walimnywesha mubirizi, yale majani machungu, ndoo nzima. Wapi. Ndipo akaitwa Edgar, bwana mifugo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sasa acha mimi, msalimie mgonjwa."

Edgar akabonyeza ule ubavu kwa ngumi. Ngumi ilipotoka, shimo likabaki, kama umebonyeza donge la udongo.

"Babu, huyu mnamlisha nini?"

"Maganda ya ndizi. Hata mama yake nilimlisha hayo hayo. Majirani wakimenya, wananiletea."

"Wanaleta kwenye nini?"

Rogasian akatazama hori. Unajua, zamani jirani akimenya ndizi za kupika alikusanya maganda, akayafunga kwenye jani la mgomba kwa kamba ya mgomba, akakuletea. Wewe ulitupa furushi zima kwenye hori, hufungui, maana ng'ombe alikula maganda, akala jani, akala na kamba. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya jirani, na mkono wa Rogasian uliizoea tangu ujana. Siku hizi majani yenyewe ni ya kutafuta. Watu wanafungia kwenye vifuko vya plastiki, vile vyepesi vilivyokatazwa, ambavyo bado vinapenya kule mpakani Murongo. Macho ya mzee hayaoni vizuri. Furushi ni furushi.

"Kwenye vifuko," akasema.

"Na wewe unavifungua?"

"Mbona unaniuliza kama polisi, mwanangu?"

Edgar hakucheka. "Tumbo limejaa, babu. Angekuwepo wa kumpasua na kumshona leo hii, tungejaribu. Hayupo, na huyu kesho hafiki. Mchinjeni akiwa bado anapumua. Akifa mwenyewe ni mzoga, hamtamgusa."

"Na ndama?" Evangelina akauliza.

Edgar akainama, akaanza kufunga mkoba wake.

Wakamchinja mchana huo huo. Rogasian mwenyewe alishika kichwa, akimwita jina polepole mpaka miguu ikatulia. Ndama akatoka ameshakufa, manyoya yake yamelowa, kwato bado laini kama sabuni iliyolowekwa.

Tumbo lilipofunguliwa, wachinjaji wakarudi nyuma kwa harufu. Likatolewa bonge la vifuko, limeviringana, zito, wanaume wawili walilibeba. Vifuko vingine vilikuwa bado vimefungwa, na maganda yake meusi ndani.

Majirani walikuja kuchukua nyama. Joviana wa jirani, ambaye hajawahi kupika bila kumletea Bihogo maganda, alisimama mbele ya lile bonge na kanga mdomoni.

"Baba, hivi ni watu gani wanaotupa takataka ovyo hivi? Ni hawa wa senta, eti?"

Evangelina akamtazama mumewe. Kwenye kifuko cha juu kabisa fundo lilikuwa la kuzungusha mara mbili, kama anavyofunga Joviana, na wote watatu walikuwa wanaliangalia.

"Hakutupa mtu," Rogasian akasema. "Nimemlisha mimi. Chukua nyama, mama, watoto wanakungoja."

Joviana alichukua, lakini alilia njia nzima.

Lile bonge hawakujua pa kulipeleka. Gari la taka halifiki kule. Ukichoma, moshi wake unakaba. Ukifukia kibanjani, mizizi inakwama. Likakaa nyuma ya banda chini ya mabati mabovu.

Msimu uliofuata migomba ilitoa mikungu midogo, ya kubeba kwa mkono mmoja. Uliofuata tena, nusu ya mashina hayakutoa kitu. Evangelina akaanza kwenda Kaisho kulima vibarua vya maharage kwa watu, na Rogasian akawa anabaki nyumbani, anafagia banda lisilo na ng'ombe.