Mlango wa Mkongo

Zulfa alimpiga shemeji yake kwa kipande cha plaiwudi, na kipande kikavunjikia begani.

"Umeona sasa?" Ossufo alisema huku akijisugua. "Ungenipiga kwa ubao wa mkongo, saa hizi mngekuwa mnanitafutia sanda. Kimbao chako hata kuua hakijui."

Zulfa hakucheka. Aliokota kipande kingine.

Ugomvi ulianza asubuhi. Zulfa, mjane wa Mshamu, kaka yake Ossufo, alikuwa amerudi Mocímboa, Msumbiji, kutoka ukimbizini Mtwara, kuijenga upya nyumba iliyoungua siku Mashababi, watu wa msituni, walipouvamia mji. Kuta za bloko za saruji zilikuwa zimesimama. Mlango wa mbele nao ulisimama, mkongo mtupu, mti mgumu, unene wa vidole vitatu. Ossufo, fundi seremala, aliuchonga kwa mikono yake uwe zawadi ya harusi. Alipoukuta bado umeshikilia bawaba zake aliubusu, midomo ikatoka na masizi. Halafu akaona plaiwudi nne zinashushwa kwenye mkokoteni, za kuziba tundu ambalo shemeji yake alikuwa amelibomoa mwenyewe kwa nyundo kwenye ukuta wa nyuma wa chumba. Fundi akapagawa. Akazitupa uani, moja ikapasuka.

"Shemeji, hizo ni karatasi zilizogandishwa kwa gundi! Kwa chumvi ya hapa kwetu, masika moja tu zinavimba kama maandazi. Mwizi anaingia kwa teke moja!"

"Na mimi natoka kwa teke moja."

"Unatoka uende wapi, na nyumba ni yako?"

Hapo ndipo alipompiga.

"Nisikilize, fundi," Zulfa alisema, bado anahema. "Bila ukuta ule wa plaiwudi silali humu. Ukikataa kuujenga, narudi Mtwara leo leo, na kiwanja nauza."

Ossufo aligeuka akaitazama nyumba. Kaka yake hakuacha hata mwili wa kuzika, majivu tu. Nyumba hii ikiuzwa, Mshamu ameisha kabisa. Lakini kuitia plaiwudi nyumba yenye mlango ule ilikuwa sawa na kumvika bwana harusi gunia.

"Ngoja nikuonyeshe mti ni nini," alisema.

Akaung'oa mlango, akaulaza juu ya mapipa mawili, upande uliokuwa makaa ukatazama juu, akaanza kupiga randa. Masizi yalitoka kama magamba ya samaki. Chini yake yakatokea makovu ya panga, moja, kisha matano, kisha mengi, yamepandana.

"Njoo ushuhudie!" Ossufo alipiga kelele. "Wameukatakata kama muhogo! Hapa wamekata, hapa tena, na hapa! Umepita hata mkato mmoja? Mashababi na mapanga yao wamechoka, wamekwenda zao na mikono imewavimba! Sasa niambie, plaiwudi yako ingefanya hivi?"

"Geuza."

"Nini?"

"Geuza mlango, Ossufo."

Tangu aolewe hakuwahi kumwita kwa jina. Ossufo akaugeuza. Upande wa pili maua aliyoyachonga yalikuwa mazima, hayana hata mkwaruzo. Pete ya kufuli tu ndiyo ilikuwa imepinda.

Huo ndio uliokuwa upande wa barabarani.

Ossufo aliigusa pete. "Uliniambia walimpiga risasi kwanza."

"Nilikuambia. Nilikuwa chooni kwa jirani Awa, nimejiziba mdomo kwa kanga. Walipenyeza nondo kwenye pete kumfungia ndani, wakamwaga petroli dirishani, na dirisha lina vyuma. Nikasikia panga, ko, ko, ko. Kaka yako alikuwa anakata na kukutukana. 'Ossufo, mbwa wewe, umeniwekea mti gani huu!' Akakata, akakutukana, akakohoa. Mwisho nikawa nasikia panga peke yake. Halafu hata panga sikulisikia."

Ossufo alichukua shoka. Pigo la kwanza liliruka, likamchana muundi. Hakusimama. Alipiga pale kaka yake alipopiga, juu ya makovu yale yale, na mti ukamrudishia kila pigo mpaka mabegani, hadi viganja vikapasuka na mpini ukaanza kuteleza kwa damu. Alipodondosha shoka, mlango ulikuwa umepoteza vibanzi ambavyo havijazi hata kofia.

Zulfa akamwekea plaiwudi miguuni. "Haya, fundi."

Ossufo akafunga viganja kwa matambara, akaanza kazi. Nguzo za ndani alizitenganisha, mtu mnene apite kwa mabega. Bamba la plaiwudi aliligongomea kwa nje, kwa misumari mifupi, ili anayesukuma kutoka ndani aing'oe. Baadaye angelipaka chokaa, mpita njia aone ukuta. Kabla ya alasiri alikuwa ameurudisha na mlango wa mkongo kwenye bawaba.

Zulfa aliingia ndani. "Funga. Weka na nondo."

"Shemeji, acha nijaribu mimi."

"Wewe huna cha kujaribu. Funga!"

Akafunga. Akapenyeza nondo kwenye pete kwa mikono ile inayovuja damu, akabaki ameegemeza kiganja kwenye mti. Kisha pigo moja, ngumi ya mwanamke upande wa ndani. Ossufo akaikamata nondo aivute. Lakini nyayo zilishatoka mbio, zikielekea nyuma, yakafuata mapigo matatu, na mlio wa kitu kinachopasuka.

Alizunguka nyumba akikimbia na muundi unamchuruzika. Zulfa alikuwa amelala kifudifudi uani juu ya vipande vya plaiwudi, nyusi imechanika, damu inamwingia jichoni. Ossufo akapiga magoti, akamgeuza.

"Mapigo mangapi?" Zulfa aliuliza.

"Matatu. Nilisikia matatu."

"Mengi." Akajifuta damu kwa pindo la kanga, akaketi, akatema mchanga. "Leta nyingine. Hii umeweka misumari kama unajenga benki."

Ossufo alicheka, au alilia. Yeye mwenyewe hakujua. Akainuka kwenda kuchukua plaiwudi nyingine.