Barua ya Koplo

Sheria moja ya mchezo wao wa vita haikujadiliwa. Kabla askari wako hajaingia vitani, unamwandikia barua yake ya mwisho na kuifunga kwenye bahasha. Akifa, barua inasomwa kwa sauti palepale mezani.

Walicheza Jumamosi mchana, humohumo ndani ya duka lao la uchapaji, likishafungwa. Kaka mtu alisimulia vita na kuwaamulia maadui. Mkewe, muuguzi, aliendesha askari wa bunduki ya rashasha. Mdogo mtu, ambaye wote walimwita Wino, aliendesha koplo.

Kaka alirusha dadu kwa gumba na kidole cha shahada. Vidole vitatu vilikwenda na mashine ya kukata karatasi, ileile iliyosimama nyuma yake, miaka sita iliyopita. Ripoti ilisema kinga ya kisu ilivunjika. Haikuvunjika. Wino aliifungua asubuhi ile ili kazi iende haraka, na kabla mkaguzi hajafika akaipinda kwa nyundo. Hayo ndiyo aliyoyaandika kwenye barua ya koplo, siku ambayo koplo alikuwa na nguvu zake zote na kifo kilionekana mbali.

Sasa kikosi kilikuwa kimebanwa kwenye shule iliyobomolewa. Kaka alieleza bila kupandisha sauti. Risasi ilimpata mbeba redio shingoni. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akajaribu kuziba tundu kwa kidole. Bomu la mkono lilimkata dereva miguu juu ya magoti. Wino akasema koplo anabaki nyuma ya ukuta.

“Koplo wako ana mimba?” muuguzi akauliza. “Mwezi mzima hatoki nje.”

Wino alijibu kwamba anatunza risasi. Shemeji yake akamtoa askari wake peke yake kwenda kumvuta dereva. Dadu lilimtupa: risasi moja pajani, moja tayani. Taya likabaki linaning’inia kwa ngozi. Muuguzi, aliyekwisha kuwaona watu wa hivyo, alisema askari wake anasongwa na damu yake mwenyewe, na asipogeuzwa ubavu hamalizi dakika tano. Koplo alikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale. Hakutoka.

Bahasha ya kwanza ikafunguliwa. Muuguzi alikuwa ameandika mstari mmoja: “Koplo msimseme vibaya. Ni mwoga, lakini ni wetu.” Mume na mke wakacheka.

“Natoka,” Wino akasema.

Adui wa kwanza alimchoma singe chini ya mbavu. Ikakwama, akaiacha humo. Wa pili alimponda kwa kitako cha bunduki mpaka uso ukaacha kuwa uso. Kisha risasi ikamwingia kifuani. Kaka akamsukumia dadu. Akipata nne kwenda juu, koplo anaishi.

Dadu likagonga ukingo wa meza, likaanguka na kubingirika hadi chini ya mashine ya kukata. Wino aliinama peke yake. Lilionyesha sita. Akaliokota.

“Ngapi?”

“Moja.”

“Limeanguka chini, dogo. Rusha tena.”

“Moja ni moja, kaka. Fungua.”

Kaka aliigandamiza bahasha mezani kwa kiganja, akaichana kwa gumba, akakunjua karatasi. “Kaka yangu,” alisoma. Alidhani ni kaka wa koplo, akaendelea kwa sauti yake ileile ya vita.