Mama wa Ukurasa wa 112

Jumatatu saa nne asubuhi, Shaukat alikuwa sebuleni kwake Unionville, akipima kwa rula ramani iliyo mwanzoni mwa kitabu cha safari. Alikuwa mpima ardhi Arusha kwa miaka ishirini na sita kabla ya kuhamia Toronto. Kila mwezi aliandika maoni yake kuhusu vitabu alivyosoma na kuyatuma kwa barua pepe kwa watu mia mbili na kumi wa jumuiya yake. Kila kitabu kilipewa maneno tisini, na nyota zisizozidi tano.

Vitabu vilivyoingia katika nyumba ile vilivuja. Riwaya ya upelelezi aliyoiazima mwezi Machi iliacha maiti kwenye korido kwa siku tisa. Mkewe, Sakeena, aliifunika shuka, akawa anaizunguka na kigari chake cha kutembelea akienda jikoni. Kitabu kiliporudishwa maktaba, maiti nayo ikaondoka. Shaukat aliipa riwaya nyota mbili na nusu, kwa sababu ilikosea muda ambao maiti huchukua kukakamaa, jambo ambalo alikuwa amelikagua mwenyewe.

Kitabu cha sasa kilihusu safari ya kuzunguka Ziwa Tanganyika. Katika ukurasa wa 112 mwandishi anafika Uvira, upande wa Kongo, anamkuta “bikizee asiye na jina, aliyecheka kwa furaha ya watu wasiojua wanachokikosa.” Saa nne na robo bikizee huyo alitoka kitabuni, akakaa kwenye kochi, akauliza kama kuna chai.

Pulchérie, aliyekuwa akija kutoka mtaa wa Downsview mara tatu kwa wiki kumwogesha Sakeena na kumfanyisha mazoezi ya goti, aliingia na taulo mkononi.

“Mama. Ulikuya namna gani?”

“Na kitabu,” mama yake akajibu. “Umekonda. Banakunyima chakula huku?”

Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na moja. Pulchérie alikuwa amemwombea mama yake viza ya matembezi mara mbili, na mara zote mbili ofisa aliandika kwamba hakuridhika kuwa mwombaji angerudi kwao. Ombi la tatu lilikuwa bado halijajibiwa.

Mama aliitwa Amandine Nabintu. Alipomaliza chai alimweleza Shaukat kwamba ukurasa wake una makosa mawili.

“Jina ninalo, Papa. Na siku ile sikucheka. Nilimwambia atoshe gari yake juu ya ndagala zangu.”

Mwandishi alikuwa ameegesha gari juu ya dagaa walioanikwa na Amandine, naye alitaka aliondoe. Shaukat akauliza kama kuna shahidi.

“Ndagala,” Amandine akasema.

Sakeena alicheka hadi goti likamuuma. “Shaukat, mama wa watu yuko mbele yako!”

“Namwona. Lakini ninakagua kitabu, simkagui yeye. Tena yeye ana upande.”

Amandine hakuweza kuvuka kizingiti bila kitabu, na Shaukat hakuazimisha alichoazima, kwa kuwa kanuni za maktaba zilikataza. Kwa hiyo Pulchérie akaanza kuja kila siku, hata siku ambazo hakupangiwa. Alileta sombe iliyogandishwa, kisamvu cha kwao, mama yake akaipika, na Sakeena akaongezewa mara mbili. Muda wa kuazima ulikuwa wiki tatu. Ungeweza kuongezwa ikiwa hakuna msomaji mwingine aliyekiomba kitabu.

“Papa Shaukat,” Pulchérie alisema mwishoni mwa wiki ya pili, “andika tu kwamba ni kibaya. Hakuna atakayekiomba. Nitabaki naye wiki tatu zingine.”

“Si kibaya. Kina makosa.”

“Basi andika makosa.”

“Nitaandika.”

Aliandika alasiri hiyo, na mara mbili alimwomba Amandine apunguze sauti. Alisema kwamba mwandishi amekosea umbali kati ya Bujumbura na Uvira kwa kilomita nne, na kwa hilo amempunguzia nusu nyota. Alisema wahusika wana uhai usio wa kawaida, hasa bikizee wa ukurasa wa 112, ambaye msomaji humsikia kabisa akicheka. Alisikitika kidogo kwamba sauti za wenyeji hazikupewa nafasi zaidi. Nyota nne na nusu.

Pulchérie aliyasoma maoni hayo kwenye simu yake ndani ya basi.

Kufikia Alhamisi watu thelathini na wanane walikuwa wamekiomba kitabu. Shaukat alifurahi; hakuwa amewahi kupata zaidi ya kumi na tisa.

Siku ya kurudisha, Amandine alikiosha kikombe chake, akajifunga kitenge chake vizuri, akamwambia binti yake ale. Kisha akaingia ukurasani. Shaukat alikagua: bikizee alikuwa palepale, bila jina, akicheka. Saa kumi kamili jioni kitabu kilitumbukizwa kwenye sanduku la maktaba, hakikuchelewa hata dakika moja.

Ijumaa ombi la tatu lilijibiwa. Ofisa hakuridhika kwamba Amandine Nabintu angeondoka Kanada muda wake ukiisha.