Doa Jekundu kwenye Namba Tatu

Kosa lilikuwa la Garland, na wa kwanza kulisema siku hizi ni Garland mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajamfundisha mtu namna ya kushika bastola, anasimama mbele ya darasa lake na kusema, "Nilimpa shemeji yangu magazini mbovu, nikamwambia ni nzima." Watu wanacheka kwanza, maana wanamjua kwa utani. Wakishamtazama usoni wanaacha, kila mtu anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Garland Tuttle ni fundi wa pampu za visima, ana miaka hamsini na sita, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni. Jumamosi anafundisha kwenye uwanja wa shabaha wa rafiki yake Dub Kessinger, nje kidogo ya Cutler Bend, mashariki ya Oklahoma. Anafundisha watu wa kawaida wanaotaka kutembea na bastola ndogo kiunoni: walimu, wastaafu, mama mmoja muuza keki. Ni mwalimu mzuri. Akikucheka anakucheka hivi kwamba unataka ujaribu tena.

Pale kwa Dub kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Magazini mpya, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, lazima itumike kupiga risasi mia mbili kabla ya kuvaliwa kiunoni. Ikikwama mara moja, unaisafisha. Ikikwama mara ya pili, mwenyewe unaiweka juu ya zege, wenzako wanavua kofia kama wako msibani, unaikanyaga kwa kisigino mpaka ibonyee, inakwenda pipani. Huiuzi, humpi mtu, huirudishi kwenye begi. Magazini mbovu haina alama usoni. Ukiiacha hai, itaingia kwenye bastola ya mtu siku ambayo hakuitaka.

Sheria hiyo aliyeianzisha ni Garland.

Sasa, bastola yake ilikuwa ya zile nyembamba zinazojificha chini ya shati. Magazini za kiwandani zinabeba risasi kumi. Akasikia kuna kampuni nyingine inatengeneza za chuma, urefu uleule, lakini kuta zake nyembamba kiasi kwamba zinaingia kumi na tano. Garland akapagawa. Akanunua tatu, akaziandika namba kwa rangi nyeupe, na msimu wote wa baridi darasani hakuwa na hadithi nyingine.

"Kumi na tano kwenye nyumba ya kumi," alikuwa anasema. "Kama kwetu akina Tuttle sikukuu ya Shukrani, ukoo mzima ukija. Wengine wanalala bafuni, lakini wote wanaingia."

Watu kumi na mmoja walinunua kwa neno lake.

Namba moja ilipita. Namba mbili ikapita. Namba tatu, ilipojazwa mpaka juu, risasi ya kwanza ikatoka, ya pili ikasimama mlangoni mwa mtutu pua juu, kama kuku anayekunywa maji. Garland akasema ni risasi zenyewe, za bei rahisi. Akasafisha, akabadilisha risasi, akaendelea. Wiki iliyofuata akaijaza tena kumi na tano. Ya kwanza ikatoka. Ya pili, pua juu.

Dub alikuwa amekaa nyuma yake na kikombe cha kahawa. Akavua kofia.

"Haya, bwana. Tumzike marehemu."

"Mkono ulilegea, ndiyo maana ikakwama," Garland akasema.

"Mkono wa nani? Wewe unayewasimanga watu kwa mikono milegevu tangu nikufahamu?"

"Nimesema ulilegea. Nitaiweka ya mazoezi."

"Ya mazoezi." Dub akarudisha kofia kichwani polepole. "Ndiyo tunaita hivyo siku hizi."

Garland akachukua kichupa cha rangi ya kucha kwenye begi lake, akaweka doa jekundu chini ya namba tatu, ukingoni mwa kifuniko cha kitako. Pale kwa Dub doa maana yake isivaliwe. Rangi yenyewe alipewa na shemeji yake, apake kile kinundu cha mbele cha kulengea, macho ya uzee yakione. Wengi pale wanafanya hivyo.

Shemeji mwenyewe ni Neva, mjane wa Royce, kaka yake Garland. Royce alikufa miaka mitano iliyopita, na tangu hapo Garland amekuwa akimtengenezea bomba, akimkatia nyasi, na kula kwake bamia za kukaanga kila Jumapili baada ya kanisa. Neva ana saluni mtaa mkuu, viti viwili na kioo kirefu. Anatengeneza nywele na kucha, na ile rangi nyekundu anaichanganya mwenyewe kutoka vichupa viwili, inatoka kama nyanya iliyokaribia kuoza. Hakuna duka utakaloikuta. Wanawake wa Cutler Bend wakienda mjini Tulsa wanatambuana kwa vidole.

Daktari alimwambia Neva ana sukari, atembee. Akawa anatembea kila asubuhi kwenye barabara ya mashambani. Shida ya barabara ile ni mbwa. Watu wanakuja na magari kutoka mbali, wanawatupa, wanaondoka. Mbwa wanapata njaa, wanajikusanya. Mwezi wa nne walimfukuza mara mbili. Akanunua bastola kama ya Garland, na kwa kuwa ni shemeji yake aliyesema, akaagiza magazini mbili za kumi na tano. Zikachelewa njiani.

Alikuja uwanjani na ile moja ya kumi iliyotoka na bastola.

"Shemeji, mimi hii inanitosha," alisema. "Mbwa wenyewe watatu."

"Mbwa hawajui wako watatu. Wakiwa wanane je?" Garland akaingiza mkono kwenye begi.

Namba moja ilikuwa ndani ya bastola yake, kiunoni. Namba mbili ilikuwa mfukoni, ya akiba. Mkono ukatoka na namba tatu. Angeweza kuchomoa moja ya zile nzima. Lakini angeichomoa mbele ya Dub, na Dub angeuliza hiyo nyingine ina nini, na pale pembeni walikuwepo wawili kati ya wale kumi na mmoja.

Neva akapiga nayo risasi hamsini bila kukwama hata mara moja. Ila dole gumba lake halikuwa na nguvu ya kusukuma springi ile, kwa hiyo kila mara aliijaza risasi kumi tu. Garland aliliona hilo. Aliona pia kwamba ilikwama mara zote mbili ikiwa imejaa. Mambo mawili hayo yalikaa kichwani mwake kama wageni wasiosalimiana.

"Hii imepita mia mbili?" Neva akauliza, maana sheria ya kwa Dub aliijua.

"Imepita."

"Haijakwama?"

"Shemeji, mimi nitakupa kitu kibovu? Bamia nitakula wapi?"

Neva akacheka. Alipokwenda kunawa mikono, Garland akalikwangua doa kwa ukucha. Kisha akachukua kile kifaa cha kusaidia kujaza, akazisukuma zote kumi na tano. Ukimpa mtu ya kumi na tano halafu unajaza kumi, umempa nini?

Ile ya kumi Neva akaiweka kwenye droo ya jikoni, pamoja na vibiriti.

Ilikuwa Jumanne mwezi wa tano, saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Mbwa walikuwa wawili tu. Neva akawafokea, wakaja. Akapiga moja, ikamkosa wa mbele, ikachimba udongo. Akavuta tena, kimya. Akafanya alivyofundishwa: gonga chini, vuta nyuma. Ikakwama tena. Akagonga tena, na akiwa bado anavuta, mbwa wa nyuma akaushika mkono wa kulia na hakuuachia mpaka dereva mmoja wa lori la nyasi kavu aliposhuka na koleo.

Walimpasua Tulsa mara mbili. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vikabaki vimenyooka. Dole gumba linakwenda, cha shahada kinakwenda. Vile viwili vya katikati havisikii amri.

Garland alikwenda hospitali na maua na mzaha mmoja alioutunga njiani, akausahau mlangoni.

"Ilikwama, shemeji," Neva alimwambia. "Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nimekosea wapi?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Garland akatazama dripu.

"Hujakosea. Mashine ndivyo zilivyo."

"Basi usijilaumu," Neva akasema, akampapasa mkono kwa ule wake mzima.

Mtu akikufariji kwa dhambi uliyomfanyia, hakuna adhabu inayopita hiyo. Garland alirudi nyumbani maili sabini redio imezimwa.

Dub alimuuliza mara moja tu. Walikuwa wanafagia maganda ya risasi.

"Ilikuwa namba ngapi?"

Garland akafagia.

"Mimi simwambii mtu," Dub akasema. "Lakini wewe mwambie. Na wale kumi na mmoja uwaambie zinakwama." Akalisogeza lile pipa la magazini zilizobonyezwa mpaka miguuni pa Garland, akaliacha hapo, akaenda kufunga geti.

Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita. Garland akawa anakwenda kwa Neva kila siku, anapaka upya rangi ambayo haikuwa imebanduka, anatengeneza milango ambayo ilikuwa inafunga. Jumapili anakaanga bamia mwenyewe, zinaungua, Neva anazila. Mwezi wa nane Neva akafungua saluni. Wateja walikuja kumsalimia, wakaleta mikate na pole, lakini vichwa vyao walikuwa wameshavipeleka kwingine. Hakuna anayetaka mkasi kwenye mkono unaojifunza.

Garland akaingia Jumatano mchana, akajitupa kwenye kiti.

"Anza na mimi. Kichwa hiki hakina cha kuharibu."

"Masikio unayo," Neva akasema.

"Moja litatosha. Darasani wanauliza maswali mengi."

Neva akamfunga shuka shingoni. Alishika mkasi kwa dole gumba na kidole cha shahada, vile viwili vimesimama juu kama vinamnyooshea mtu. Alikata kidogo, akapumzika, akakata kidogo. Nywele zikaanguka kwa mafungu yasiyolingana. Garland akatazama kioo, halafu akatazama chini ya kioo. Kati ya chanuo na vichupa ilikuwepo magazini ya chuma yenye namba tatu, imelazwa ubavu, namba juu.

"Polisi wa sherifu wamenirudishia bastola," Neva akasema bila kuacha kukata. "Nikasema niisafishe. Nikaifungua na ile magazini kwa chini. Wewe ndiye ulinifundisha kufungua."

"Ndiyo."

"Kwenye mfereji wa kile kifuniko cha kitako kuna kitu chekundu. Nikadhani ni damu yangu. Nikasugua na maji, hakitoki. Nikaweka dawa ya kufutia kucha, kikatoka."

Mkasi ukasimama.

"Nimepaka rangi ile miaka tisa, Garland." Hakusema shemeji. "Niambie doa lile lilikuwa la nini. Najua la nini, nimekwenda kwa Dub mara ngapi. Nataka ulitaje wewe."

Garland akafungua mdomo. Mizaha yote ya maisha yake ilikuwa pale, imepanga foleni. Akaifunga nje.

"Ilikwama mara mbili," akasema. "Ikiwa imejaa. Sikuikanyaga. Nilipokupa nilikwangua doa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshawaambia watu ni nzuri."

"Watu gani?"

"Wa darasani."

Neva akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu chenji aliyopewa na kuikuta ni ndogo kuliko alivyodhani. "Na zile mbili nzima zilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimezivaa."

Nje lori likapita, vichupa vikagongana kidogo kwenye rafu. Neva akaweka mkasi. Akamfungua shuka, akalikung'uta, akalikunja kwa mkono mmoja na nusu, kazi iliyomchukua muda mrefu. Kichwa cha Garland kilikuwa kimekatwa upande mmoja. Upande wa pili nywele zilikuwa bado zimefunika sikio.

Garland akasimama. Akaitazama ile magazini, kisha sakafu ya saluni, nayo ilikuwa ya zege.

"Nipe niikanyage," akasema. "Neva. Nakuomba. Nipe niikanyage hapa, ukiwa unaona."

Neva akaichukua kwa mkono ule wa kulia, taratibu, kwa vidole viwili vinavyokubali. Akaisimamisha mbele ya kioo, namba ikitazama kiti, mahali ambapo kila atakayekaa kukatwa nywele ataiona. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia nywele za Garland kuelekea mlangoni.

"Nipe, shemeji," Garland akasema.