Kisiwa cha Jelmer na Nynke

Kaka yangu Jelmer na mkewe Marrit waliachana bila kelele. Nyumba ikabaki kwa Marrit, gari likabaki kwa Jelmer, na Nynke, mtoto wao wa pekee, wakakubaliana wikiendi moja awe kwa mama, nyingine kwa baba. Jelmer akahamia hapa Franeker, mji wetu mdogo wa Uholanzi, nyumba iliyopakana na yangu, akaanza kujifunza kuwa baba wa zamu.

Mwanzoni ilikuwa kazi hata kuwatazama. Nynke alikuwa na miaka kumi na miwili. Anafika na begi lake, anakaa pembeni ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Baba yake anamuuliza, "Utakula nini?" Naye anajibu, "Chochote tu, Baba." Jelmer ni fundi wa mitambo ya kupasha joto nyumba. Mpe mtambo uliokufa tangu juzi, ataufufua. Lakini mbele ya mtoto yule hakujua ashike wapi.

Jumapili moja ya mvua tulikuwa tunaangalia televisheni, sisi watatu. Kasa mkubwa alikuwa anakula majani chini ya bahari, hana haraka, na juu yake anaelea mwanamke aliyevaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia mdomoni.

"Baba," Nynke akasema, "hivi mtu wa kawaida anaweza kufanya vile?"

"Anaweza. Miwani, mrija, basi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi! Mimi nimeanza kuogelea kabla hujazaliwa."

"Kwenye mfereji, Baba."

"Mfereji nao si maji?"

Mtoto akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka katika nyumba ile. Jelmer naye alisikia, maana alikaa wima kabisa kwenye kiti, akasema bila hata kufikiri: "Kiangazi kijacho nakupeleka. Karibi. Wewe na mimi. Chagua kisiwa."

Ndipo kuchagua kulipoanza, na kulichukua majira yote ya baridi. Jelmer alibandika ramani ya Karibi ukutani jikoni, pale pa kalenda. Kila Nynke alipokuja, kabla hata hajavua koti, walikuwa mbele ya ramani wanabishana. Kuna kipindi alitaka Cayman, kwa sababu huko samaki aina ya taa wanakuja wenyewe hadi miguuni mwa watu. Jelmer akakataa, alisema hataki kitu chenye mkia kimkaribie. Kuna kipindi ilikuwa Grenada, kwenye sanamu zilizozamishwa baharini.

"Tusafiri mpaka kule kuangalia sanamu?" Jelmer akasema. "Si nimweke shangazi yako kwenye bwawa?"

"Nakusikia, Jelmer," nikamwambia, nikiwa nimeshika kikombe changu cha kahawa.

Kisiwa cha Saba kilifutwa kwa kukosa fukwe. Dominica ilikuwa na mahali ambapo mapovu ya moto yanatoka chini ya bahari na kupanda kati ya waogeleaji, lakini Nynke alisema mapovu si samaki. Tobago ilihitaji boti, na kaka yangu hutapika hata kwenye kivuko cha kwenda visiwa vyetu vya hapa. Hatimaye walibaki na Bonaire. Pale matumbawe yanaanzia karibu na ufuko. Unaingia kwa miguu yako na kuinamisha uso tu, samaki hao hapo. Waliisema kila mara, Bonaire hivi, Bonaire vile, ila Jelmer hakutaka kukata shauri. Nilimuuliza kwa nini halipii, basi yaishe.

"Tukishachagua," akasema, "tutaongea nini?"

Jumamosi asubuhi walikuwa wanakwenda bwawa la kuogelea la ndani, na mimi nawafuata na chupa ya chai. Jelmer alikuwa anazamisha vitu: vijiko, kigae cha bluu, chura wa udongo aliyetoka bustanini kwangu bila kuniomba. "Huyu ni pono," anamwambia Nynke. "Huyu mkunga, samaki kama nyoka, anang'ata, kaa mbali." Wanavaa miwani na mirija yao, wanaelea juu ya vijiko vile, wanaonyeshana kwa vidole. Sietske, mwangalizi wa bwawa, alikuwa akiwapigia kelele kutoka kwenye kiti chake kirefu:

"Nyie wawili! Kama ni samaki mnatafuta, duka liko ng'ambo ya barabara!"

Kitu kimoja kilimshinda Nynke majira yote yale. Ukizama kidogo na mrija, unajaa maji. Ukirudi juu unatakiwa uupulize maji yatoke, pumzi moja ya nguvu, huku uso ukiwa bado majini. Nynke alikuwa anashtuka. Kila mara aliinua kichwa, anakohoa, macho mekundu.

"Pumzi moja tu, mwanangu. Kama unazima mishumaa ya keki."

"Nimeshakunywa bwawa zima, Baba!"

"Basi tukimbie, Sietske asije akatudai maji yake."

Wakati huo Marrit alikuwa ameshaolewa na Roderik, daktari wa meno, mtu mpole, asiyejua kupandisha sauti. Likizo ya Februari ilipokaribia, walisema wanampeleka mtoto Austria kuteleza kwenye theluji. Jelmer alifurahi. Alimnunulia Nynke soksi nene.

Aliporudi, wikiendi yake ya kwanza kwetu, uso wake ulikuwa umeiva kwa jua.

"Jua la theluji hilo," Jelmer akasema. "Linaunguza kuliko la kiangazi. Ulianguka mara ngapi?"

"Sikuanguka sana," Nynke akasema, akainama kufungua begi lake.

Hakuwa na maneno asubuhi ile. Nilidhani ni uchovu wa safari. Tukaenda bwawani kama kawaida. Jelmer akatupa vitu vyake majini, wakavaa, wakaingia. Nilikuwa natoa kifuniko cha chupa ya chai nilipomwona Nynke anazama, miguu juu, laini kabisa. Akagusa chini, akapanda, na uso wake ukiwa bado majini akapuliza. Maji yaliruka kutoka kwenye mrija kama nyangumi. Akaendelea kuelea, anapumua, wala hakusita.

Jelmer alipiga maji kwa viganja vyote viwili. "Umeona? Sietske, umeona? Dada, umemwona mwanangu?"

Sietske alipiga makofi. Nami nilisimama nikapiga makofi. Nynke akainua kichwa, akatutazama, akavua miwani. Hakuwa anacheka. Alikuwa na sura ya mtu aliyefumwa. Akageuka haraka, akaogelea kuelekea ngazi, akapanda, na hapo tukauona mgongo wake. Ulikuwa wa kahawia mpaka kiunoni, na juu yake mistari miwili myeupe ya kamba za vazi la kuogelea, imepishana katikati ya mabega.

Kwenye theluji hakuna anayevaa vazi la kuogelea.

Nilimtazama kaka yangu. Mikono yake ilikuwa bado juu. Aliishusha taratibu.

"Umejifunzia wapi vile?" akamuuliza, sauti yake ya kawaida tu.

"Bafuni. Kwa mama."

"Kwenye bafu lenu?"

"Eeh."

"Hongera," Jelmer akasema. "Kweli, hongera sana. Nenda kavae, usipate baridi."

Nynke alipokuwa anabadili nguo, Jelmer alitoka nje na taulo begani, nywele zinachuruzika katika baridi ile, akampigia Marrit. Nilisimama mlangoni. Sikusikia upande wa pili.

"Mlikuwa wapi?" akauliza. Akasikiliza. "Hapana, sipigi kelele. Nauliza tu." Akasikiliza tena. "Sawa. Hapana, usimwambie kitu. Sawa, Marrit."

Akakata simu, akabaki anaitazama.

"Bonaire," akaniambia. "Roderik alibadilisha tiketi bila hata Marrit kujua. Akawaonyesha pale uwanja wa ndege, alitaka kuwashangaza. Marrit anasema mtoto alinyamaza palepale. Halafu ndani ya ndege akalia, akawaapisha wote wawili kwamba Baba asijue."

"Kati ya sehemu zote duniani!" nikasema. "Yule mwanaume ana akili kweli?"

"Ndicho kisiwa alichokuwa akikitaja kila siku mezani kwao. Ramani ya kwangu Roderik hajawahi kuiona. Alimsikiliza tu mtoto, dada. Kosa lake ni hilo, alimsikiliza."

Nilitaka kumtukana Roderik njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini Nynke alikuwa kiti cha nyuma.

Niliwapikia supu ya njegere kwangu, nikaipeleka kwa Jelmer na mkate wa ngano nyeusi. Nilikusudia kuiacha sufuria niondoke. Nynke alinishika mkono wa sweta. "Kaa, Shangazi." Nikakaa.

Tulipomaliza kula, Jelmer akasimama mbele ya ramani. "Leo tuchague. Tumechelewa."

"Bonaire," Nynke akasema upesi. "Si tulishakubaliana?"

"Mimi nimeanza kuipenda Dominica."

"Baba! Wewe ndiye uliyesema Bonaire."

"Nimesikia mapovu yale ni mazuri sana. Unaelea katikati yake kama uko kwenye glasi ya soda."

"Lakini Bonaire hakuna boti. Wewe unatapika kwenye boti. Pale unaingia tu kwa miguu, ila uende polepole kwa sababu mawe yanateleza, na ukishapita yale mawe..." Shingo yake yote ikawa nyekundu. "Wanasema yanateleza."

"Wanasema," Jelmer akaitikia.

Nilikuwa nimeshika kijiko, sikujua nikiweke wapi. Kila mmoja alikuwa anajaribu kumwokoa mwenzake. Mtoto alikuwa tayari kurudi kule na kushangaa upya, apige kelele kwa kila samaki kama hajawahi kumwona. Baba alikuwa tayari kukitupa kisiwa chake ili mtoto asibebe uongo huo.

"Tutakwenda Dominica," Jelmer akasema. "Mimi ndiye nataka."

Hapo Nynke akaangua kilio. Alilia kama mtoto mdogo kabisa, mdomo wazi.

"Nilikwenda, Baba. Nilikwenda. Sikujua, wallahi sikujua, nilijua ni Austria!"

"Najua."

"Mama kakwambia?"

"Ulipopuliza maji. Nilijua palepale." Akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamfuta pua kwa kitambaa cha vyombo. "Sasa unalia nini? Hujafanya kosa lolote. Hebu niambie, kasa ulimwona?"

Nynke akatikisa kichwa kukubali.

"Mkubwa?"

"Kama hii meza."

"Ehee. Nieleze."

"Sitaki."

"Nieleze, mama. Nataka kusikia."

Akasimulia akiwa anaangalia mapaja yake. Alisema kasa alitokea upande wa kushoto, chini, akapanda juu kuvuta pumzi, akapita karibu naye mpaka aliona mikunjo ya shingo. Alisema alifurahi sana, akasahau alipo.

"Nikageuka nikushike mkono, nikuonyeshe," akasema. "Nikaushika. Kumbe ni Roderik."

Jelmer aliweka paji la uso wake kwenye magoti ya mtoto, na Nynke akawa anampapasa kichwa, kwa woga, kama unavyompapasa mbwa usiyemjua vizuri. Nilikusanya mabakuli nikaenda kuyaosha kwangu.

Kiangazi walikwenda Dominica. Jelmer alilipia wiki ile ile. Hawakubishana tena mbele ya ramani. Hapakuwa na cha kubishania, na wikiendi zilizobaki zilikuwa ndefu. Bwawani walikwenda mara moja moja. Nynke alikuwa anaweza kila kitu sasa, na Jelmer hakuwa na cha kumfundisha.

Nilionyeshwa picha zao. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mito ikamwaga matope baharini, na maji hayakuwa safi sana. Lakini mapovu waliyapata. Kuna picha wako wawili katikati yake, miwani usoni, dole gumba juu. Samaki waliwaona. Kasa hapana. Nynke alimwambia Jelmer haidhuru, kasa si muhimu.

Waliporudi, Marrit alikuja kumchukua mtoto uwanja wa ndege, kwa kuwa shule ilikuwa inafunguliwa. Jelmer alirudi Franeker peke yake. Nilimkuta jikoni bado na koti la safari, hajafungua begi.

"Haya, niambie," nikasema. "Ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Alifurahi. Alikula kila kitu. Hakulalamikia mvua hata siku moja." Akavuta kiti, asikikalie, akasimama akiwa amekishika. "Alinishukuru, Aukje. Kila jioni tukimaliza kula ananiambia, asante, Baba, leo ilikuwa siku nzuri. Kila jioni."

"Si amelelewa vizuri?"

"Nynke?" akasema. "Nynke alikuwa anasahau kunishukuru hata siku ya kuzaliwa kwake. Anachana karatasi ya zawadi, anakimbia nayo. Mtu unamshukuru hivyo ukiwa umelala kwake kama mgeni."

Nikawasha jiko la chai. Kabla maji hayajachemka simu yake ililia: mama mmoja mtaa wa nyuma, hana maji ya moto tangu asubuhi. Nilimwambia amjibu kwamba yuko likizo mpaka Jumatatu. Jelmer alikwishavua koti la safari na kuvaa la kazi.

"Nakuja sasa hivi, mama," akasema kwenye simu, akachukua sanduku lake la vifaa, akatoka.