Tundu la Chini, Upande wa Kushoto

Fundi alikuwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya boti iliyopandishwa kwenye trela, akifungua mabamba ya zamani ya kusawazishia. Ni mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, yanayofungwa nyuma ya boti chini ya usawa wa maji. Boti ikikimbia huku imelalia upande mmoja, bamba la upande huo hushushwa, nayo hunyanyuka ikakaa sawa. Bamba la kulia la boti hii lilikuwa limekufa tangu siku iliponunuliwa, mtumba, na mtu ambaye karakana nzima ilimwita Tajiri. Fundi alimwambia asipakie watu mpaka libadilishwe. Maneno yakaingilia sikio hili yakatokea lile.

Sasa Tajiri alikuwa ameleta mabamba mapya, mapana zaidi. Matundu yake hayakulingana na ya zamani, kwa hiyo kazi ilikuwa kufungua, kusafisha, kuziba matundu ya zamani kwa gundi, kisha kutoboa mengine. Bolti ya kwanza ilitoka na vumbi la kutu. Ndani ya tundu mwanamke akakohoa.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado," alisema fundi, akaitupa bolti kwenye kopo.

Boti za mtumba zina mambo yake, na fundi hakuwa mtu wa kusimamisha kazi kwa kila sauti. Katika tundu la pili mzee mmoja alilalamika kwamba amekanyagwa. Katika lililofuata watu walikuwa wanagombania nafasi. Alipofungua bolti ya chini, upande wa kushoto, sauti aliyoijua ikamwambia, "Shemeji, hiyo spana ni yangu."

Kweli ilikuwa yake. Fundi aliiazima zamani, akajisahaulisha.

"Wewe si ulishuka ng'ambo?" aliuliza.

"Kasema nani?"

"Tajiri."

Hayo ndiyo maneno Tajiri aliyoyatoa aliporudi peke yake na boti tupu, viti vimelowa: abiria wote wameshuka ng'ambo, wamekwenda kutafuta maisha. Kuanzia hapo dada yake fundi, mke wa huyo shemeji, akawa mke aliyekimbiwa. Mama mkwe alitangaza mtaa mzima kwamba mdomo wa mwanamke huyo ndio uliomfukuza mwanawe, na watu walipokezana habari hiyo kama moto wa kuazima.

"Hakushuka mtu," alisema shemeji. "Boti ilikuwa inalalia kulia. Tajiri akatuambia wote tuhamie kushoto. Likaja wimbi. Boti ikalala, ikatumwaga, ikapata wepesi, ikasimama wima."

"Hakugeuza?"

"Alitazama nyuma mara moja tu."

Fundi aliona hasira na aibu vikimpanda kwa pamoja, asijue kipi kimetangulia. Alijifuta mikono, akampigia dada yake simu.

"Njoo karakana. Mumeo yupo."

"Wapi?"

"Nyuma ya boti. Tundu la chini, upande wa kushoto."

"Nakuja," alisema dada. "Amekula?"

Alifika na kanga ya nyumbani, akalala kwenye boksi, akaweka mdomo kwenye tundu. Kwanza alimgombeza kwa kuondoka bila kuaga. Kisha akasikiliza, na machozi yakamtiririkia masikioni. Alilia kwa uchungu, na alilia kwa furaha pia, kwa sababu hakuwa amekimbiwa.

"Mama yako ameniharibia jina," alisema.

"Mwite nimwambie mwenyewe."

"Atakuamini?"

"Hajawahi kuniamini nikiwa hai. Jaribu tu."

Dada alitoka mbio kumfuata mama mkwe. Hajafika mbali, Tajiri akaingia na funguo zake mkononi, akauliza kazi imefika wapi. Boti ilikuwa iingie majini asubuhi, na abiria walikwisha kujiandikisha. Aliinama akatazama matundu.

"Tumefika?" aliuliza yule mwanamke.

"Bado kidogo, mama," Tajiri alijibu kwa upole, kama alivyozoea. Akamgeukia fundi. "Ziba."

"Tumsubiri mama mmoja afike kwanza. Ana neno na mwanawe."

"Gundi inataka usiku mzima kukauka, umenifundisha wewe. Au unataka niwapeleke watu na matundu chini ya maji?"

Fundi alirudi chini ya boti. Matundu yalikuwa yameanza kuvuja maji kidogo kidogo, ingawa boti ilikuwa nchi kavu muda mrefu. Aliyakausha kwa tambara, akachanganya gundi, akaanza kuziba. Yule mzee alizibwa akiwa katikati ya malalamiko yake. La chini kushoto fundi aliliacha mwisho, akijifanya kutafuta msasa.

"Ziba, shemeji," ilisema sauti. "Hao wa kesho wakiingiwa na maji kwa ajili yangu, watanikuta huku, na nafasi hakuna."

Fundi akaziba. Alilainisha gundi kwa kidole gumba, taratibu, akabaki pale mpaka Tajiri alipoondoka.

Mama mkwe alifika gundi ikiwa imeshaanza kushika. Dada alimwonyesha mahali. Yule mama alipiga magoti kwa shida, akaegemeza sikio, akakaa hivyo muda mrefu. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza tena.

"Hamna kitu," alisema.

"Alikuwepo, mama. Muulize kaka."

"Alikuwepo," alisema fundi. "Amekufa, mama. Wamekufa wote."

Yule mama alishika trela, akainuka, akakung'uta magoti. "Mwanangu yuko ng'ambo," alimwambia dada. "Umemkimbiza wewe. Aliyekimbia hurudi, mwanangu. Huyo wenu wa kwenye tundu atarudi vipi?" Akaenda zake, na dada alimwelewa.

Asubuhi, mabamba mapya yakiwa yameshafungwa, boti iliteremshwa. Watu waliingia, wakabanana. Waliokosa nafasi kwenye viti wakakalia mizigo yao, na watoto wakapakatwa. Maji yalifika karibu na ukingo. Fundi aliteremka gatini akamwambia Tajiri kwamba watu wamezidi, wapungue.

"Ngoja uone kazi ya mikono yako," alisema Tajiri, akawasha mashine.

Boti iliondoka imelala upande kama mtu aliyebeba ndoo. Ilipochanganya mwendo, mabamba mapya yakashuka, nayo ikanyanyuka ikanyooka. Watu gatini walipiga makofi. Dada yake fundi, ambaye alikuwa pembeni yake amegeukia ukuta wa gati asitazame, aliuliza inakwendaje.

"Imekaa sawa," alisema fundi, na ilikuwa kweli.